Fahali Hana Chapa, Ana Jina

Kuna methali tunayoipenda sana tukitaka kumnyamazisha mtu anayejisifu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Inarushiwa wasichana wanaopiga picha nyingi, vijana wenye podikasti, na jamaa yeyote anayethubutu kuandika "mwandishi" chini ya jina lake kabla hajatoa kitabu. Lakini nikiitazama historia ya kwetu Khayega, naona kama aliyetunga methali hiyo hakuwahi kushuhudia fahali akipelekwa uwanjani. Huku kizuri hakikujiuza hata siku moja. Kilipigiwa ngoma alfajiri, kikapulizwa pembe, kikasindikizwa na umati unaokimbia mchakamchaka na matawi mkononi, hadi mtu aliyelala Mukumu ajue kwamba leo kuna kitu.

Nayaandika haya kwa sababu kijana wa rika langu hawezi kupita wiki bila kuambiwa ajijenge mtandaoni. Uwe na brandi yako, wanasema. Uwe wewe mwenyewe. Ushauri huu wa pili ndio hunichanganya, manake unatolewa kama vile ni jambo rahisi, kama kuvua koti. Pia unatolewa kama jambo jipya, lililoletwa na simu janja. Mwaka 1997 mwandishi wa Marekani, Tom Peters, alichapisha makala mashuhuri katika jarida la Fast Company akidai kwamba kila mtu sasa ni kampuni, na bidhaa ya kampuni hiyo ni yeye mwenyewe. Watu wengi huanzia hapo wakisimulia habari hii. Mimi nataka kuanzia kwa ng'ombe, na sina utani.

Neno lenyewe la Kiingereza lilitoka kwa ng'ombe. Lilihusu moto: chuma kinachomwa mpaka kiwe chekundu, kisha kinabandikwa kwenye ngozi ya mnyama ili ijulikane ni wa nani. Kiswahili kina neno lake la kazi hiyo, nalo ni chapa. Lakini mtu akitaka kusema kwamba fulani anajulikana na kuaminika, Kiswahili hakisemi ana chapa. Kinasema ana jina. Amejijengea jina, ameharibu jina, jina lake limechafuka. Chapa hupigwa na mwenye mali kwa siku moja, mnyama akitaka asitake. Jina hupewa na watu, na huchukua muda.

Sasa njoo Khayega. Ni soko kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, pale unapokata kuelekea Shinyalu. Nchi hii ni ya Waisukha, na majirani zetu ni Waidakho wa upande wa Ikolomani. Watu wa nje wakitutaja hutaja mambo mawili: mafahali na isukuti. Mafahali wetu hawapigani na mtu mwenye kitambaa chekundu kama kule Uhispania. Wanapigana wao kwa wao, kichwa kwa kichwa, na mchezo unaisha mmoja akigeuka kukimbia. Hakuna refa wa kuhongwa. Hakuna pointi za mezani. Fahali akikimbia, amekimbia, na kila aliyekuwa uwanjani ameona kwa macho yake.

Kila fahali ana jina, na jina hilo hutangulia kufika mahali kabla yake. Watu hawasemi ng'ombe wa nani anapigana Jumamosi. Wanataja jina la fahali, na ukiuliza ni nani huyo wanakuangalia kama mgeni. Lakini angalia jina hilo linavyotengenezwa. Kwanza kuna mwenye fahali, ambaye mara nyingi ndiye hupata sifa yote. Kisha kuna mtunzaji, anayemkatia nyasi, anayemwogesha, anayejua siku gani mnyama ameamka vibaya. Kuna wazee wenye siri za mitishamba. Kuna wapiga isukuti, kwa sababu fahali asiyepigiwa ngoma anafika uwanjani kama mtu aliyeingia harusini kwa mlango wa jikoni. Na kuna watazamaji, ambao kazi yao ni kubwa kuliko wanavyodhani: wao ndio mashahidi. Wao ndio watakaorudi nyumbani wakisema alisimama, au wakisema alikimbia.

Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na mapambo. Usije ukadhani zamani watu walikuwa halisi tu, bila kujipodoa, halafu intaneti ikaja kutuharibu. Ngoma ni mapambo. Kelele za alfajiri ni matangazo ya biashara. Mwenye fahali akipita sokoni na kundi lake anajionyesha, na anajua anajionyesha. Kilichofanya jina la fahali liaminike ni kwamba kelele zote zile zilikuwa na tarehe ya mtihani. Ungeweza kumsifu mnyama wako wiki nzima, lakini siku ingefika, na mbele ya watu wanaokujua kwa jina la baba yako, sifa zingekutana na pembe.

Isukuti nayo ina kisa chake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukisikia hivyo unaweza kufurahi, ati tumetambuliwa na dunia. Tulitambuliwa, ni kweli. Lakini orodha ile si ya kombe, ni ya wagonjwa mahututi. Ngoma iliyopigwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana na mzee akizikwa, ilikuwa inakosa wa kuipokea. Wajuzi walikuwa wanazeeka na kufa, na vijana walikuwa na shughuli nyingine. Jina lilikuwa limefika Paris wakati mikono inayolibeba ilikuwa inapungua Shinyalu. Tafadhali usiisahau picha hiyo, nitaihitaji mbele.

Jina la fahali lilikuwa na mpaka: liliishia pale mashahidi walipoishia. Redio ndiyo iliyovunja mpaka huo.

Wazazi wetu wanaikumbuka Sauti ya Kenya na vipindi vya salamu. Ulinunua kadi ya salamu dukani, ukajaza majina ya unaowasalimu, ukaiweka stempu na kuituma Nairobi, halafu ukaketi kando ya redio ukisubiri. Mtangazaji akiisoma, jina lako lilisikika nchi nzima. Watu wakanogewa. Wakaanza kujipa vyeo, mtu wa kawaida kabisa, mwalimu au utingo wa basi, akijiita mfalme wa kijiji fulani au simba wa mtaa fulani. Wakaunda vilabu vya salamu, wakatembeleana, wakachangiana misiba. Kulikuwa na watu waliojulikana kutoka Mombasa hadi Busia bila kuimba wala kugombea kiti chochote. Walijulikana kwa kusalimia tu. Ukiniuliza ni nani walikuwa watu wa kwanza wa Kenya kuwa na wafuasi, nitakuonyesha hao, na kadi zao za posta.

Sikiliza namna walivyojitaja: jina, cheo cha utani, halafu kijiji. Kijiji hakikukosa. Cheo kilikuwa cha kujibandika, lakini kijiji kilikuwa cha kweli, na ukidanganya kuhusu kijiji kulikuwa na mtu wa hapo hapo anayesikiliza redio ile ile. Yaani hata hewani, mtu alibeba mashahidi wake.

Wapiga gitaa wa enzi hizo walifanya vivyo hivyo. George Mukabi, mtu wa Kisa, aliyeuawa mwaka 1963, aliimba kwa Kiswahili na akaifanya gitaa ya omutibo ijulikane kuliko mwingine yeyote. Wanamuziki wengi wa kizazi chake walikuwa na desturi ya kujitaja ndani ya wimbo wenyewe, jina na kwao, kwa sababu santuri ilikuwa inaenda mahali ambako hakuna anayewajua. Halafu kuna Abana ba Nasery, kina Shem Tube, kutoka Bunyore. Jina lao maana yake ni watoto wa nasari, kwa kuwa walianza wakiwa wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiwa watu wazima wenye familia zao, walirekodi Uingereza, na bado walikuwa watoto wa nasari. Ala yao mojawapo ilikuwa chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye mistari ubavuni, inayokwaruzwa kwa chuma ikatoa mdundo. Nafikiri hakuna mfano mzuri kuliko huo wa kuitumia chapa ya mtu mwingine kujijengea jina lako. Walichukua chupa ya kampuni, wakaifanya iseme Kinyore.

Lakini mambo yalikwenda upande wa pili pia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wapiga gitaa wawili maarufu wa Katanga, Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walikuja kufanya kazi Nairobi. Hawakuletwa na muziki pekee. Mwenda alitumiwa kutangaza dawa ya Aspro, Masengo akatangaza Coca-Cola. Wale tunaowaita leo mabalozi wa bidhaa, wenye picha ya kucheka na chupa mkononi, wametanguliwa na hawa kwa zaidi ya miaka sitini. Tofauti ni kwamba Mwenda alikuwa na jina kabla Aspro haijamfuata. Kampuni ilikuja kuazima imani ambayo watu tayari walikuwa nayo kwa vidole vyake. Siku hizi tunafundishwa kuanza kinyume: jitengeneze kwanza ufanane na mtu anayelipwa na kampuni, halafu utafute cha kufanya.

Hapo ndipo swali la uhalisi linapoanza kuuma. Je, mtu akivaa sura isiyo yake, anadanganya? Kwa Mkenya jibu ni Mzee Ojwang'. Kwa miaka mingi, katika Vitimbi, nchi nzima ilimjua mzee Mjaluo mwenye Kiswahili kilichopinda kwa lafudhi ya ziwa. Mwigizaji mwenyewe aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015, kuna watu ambao ndio kwanza walikuwa wanapata habari hiyo. Sijasikia mtu aliyesema ametapeliwa. Sura ile ilikuwa ya kuigiza, lakini kazi ilikuwa yake, mwili uliochoka ulikuwa wake, na vicheko vilivyotoka sebuleni kwetu vilikuwa vya kweli. Alijaribiwa kila wiki mbele ya watu, kama fahali, na kila wiki alisimama. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa uigizaji. Watu wamekuwa wakiigiza tangu ngoma ya kwanza.

Tatizo naliona mahali pengine, nalo linanirudisha kwa mafahali.

Mwanasiasa aliyelielewa jina la fahali kuliko wote ni Dakta Boni Khalwale, wa Ikolomani, daktari wa kutibu watu aliyegeuka mbunge na baadaye seneta wa Kakamega. Nchi nzima inamwita kwa jina la mchezo wetu, mpiganisha mafahali. Hakuliokota jina hilo kwenye ofisi ya washauri wa mawasiliano. Anafuga, anahudhuria, anajua majina. Mwaka 2017 aligombea ugavana akashindwa, mwaka 2022 akarudi Seneti, na muda wote huo fahali hakuondoka kwenye picha. Mtandaoni jina lile liliota mabawa: likawa mizaha, likawa vibonzo, likawa namna ya kusema huyu si mtu wa kuogopa kugongana.

Halafu ikaja Januari 2024. Khalwale alitangaza kwamba fahali wake, Inasio, amemuua mtunzaji wake wa miaka mingi, na kwamba yeye mwenyewe amemuua fahali huyo kwa mkuki. Habari zikajaa kila mahali. Watu wakatoa pole, wengine wakahoji, wengine, kama kawaida ya mtandao, wakatania. Mimi nilibaki na jambo moja. Kwa miaka yote tuliyokuwa tunalijua jina la fahali na jina la mwenye fahali, wengi wetu hatukuwahi kujiuliza kuhusu mtu anayeamka gizani kukata nyasi. Tulilijua jina lake alipokufa.

Hapo ndipo historia ya jina inapogusa mifuko yetu, sisi vijana wa sasa. Kwa sababu wengi wetu si mafahali wala wenye fahali. Sisi ni wale wa nyasi.

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za kupita chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kushuka bei na kuongeza kasi. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital, ujumbe ukiwa kwamba kazi ziko mtandaoni, jifunze uzichukue. Kazi zilikuwepo kweli. Moja kubwa ilikuwa kuandika insha za wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Uingereza na Australia. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu juu ya biashara hiyo na Wakenya wanaoifanya, lakini huku hatukuhitaji gazeti. Ukiingia kwenye nyumba za kupanga karibu na chuo chochote, saa nane usiku, utaona mwanga wa kompyuta.

Biashara hiyo ilikuwa na soko ndani ya soko: soko la akaunti. Tovuti nyingi zilitaka mwandishi aonekane anatoka nchi fulani, ana shahada fulani, ana nyota kadhaa za wateja waliotangulia. Kijana mgeni hakuwa na hivyo, kwa hiyo alinunua au kukodi akaunti iliyokwisha kujengwa. Akaunti ilikuwa na jina la kizungu, picha, historia ya kazi na sifa njema. Mwenyewe alificha mahali alipo, akageuza saa yake ya kulala, akajifunza kusalimia kama mtu wa Ohio. Alifanya kazi nzuri, na kila kazi nzuri iliongeza nyota kwenye jina lisilo lake. Akiondoka, nyota zilibaki. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na nina marafiki walioandikia watu wengine mpaka wakahitimu, huku wao wenyewe wakiwa hawajamaliza. Mmoja alikuwa anacheka akisema ana shahada tano, zote zimetundikwa kwenye kuta za watu.

Mwaka 2022 Uingereza ilipiga marufuku kwa sheria biashara ya kuwaandikia wanafunzi wake kazi za masomo. Mwisho wa mwaka huo huo ChatGPT ikatokea, na baada ya hapo kazi zikaanza kukauka. Ndipo wengi wakagundua jambo la kutisha: miaka minne, mitano ya kuandika kila siku, na ukiulizwa umeandika nini huna cha kuonyesha. Huwezi kutaja kazi. Huwezi kutaja mteja. Ukitafuta jina lako mtandaoni unakuta matokeo ya mtihani wa darasa la nane na picha ya harusi ya binamu. Kwa watu hawa, ule ushauri wa kujijenga mtandaoni si mzaha wa mabinti wa Instagram. Ni swali la kodi ya nyumba. Wanatakiwa waanze kuwa na jina wakiwa na umri wa miaka ishirini na nane, katika soko ambalo kila mtu anapiga ngoma.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaowacheka vijana wanaojitangaza. Yule msichana anayejirekodi akisuka nywele kibandani pale stendi, akitaja jina lake na mahali alipo, anafanya kile walichofanya watu wa kadi za salamu. Yule jamaa anayerusha moja kwa moja vita vya mafahali kwa simu iliyopasuka kioo anafanya kazi ya mpiga pembe. Wanajitembeza, ndiyo. Hata fahali hutembezwa. La kuuliza ni mambo mawili, nayo ni ya kale: je, kuna siku ya mtihani mbele ya watu wanaokujua, na je, waliokukatia nyasi wanatajwa?

La kwanza mtandao unalikwepa kwa urahisi. Mtu anaweza kuwa tajiri Nairobi mtandaoni huku kwao Shinyalu wanamjua kwa madeni, na pande hizo mbili zisikutane kamwe. Lakini hata hapo naona watu wanarudi kwenye desturi ya zamani bila kuambiwa. Fundi anaweka namba na soko analokaa. Mpishi anaonyesha mteja akila. Wote wanatafuta njia ya kubeba mashahidi.

La pili ndilo hatujalifanyia kazi. Tazama video zinazotoka huku kwetu siku za mafahali. Zinatazamwa Nairobi, zinatazamwa Qatar na Saudia ambako ndugu zetu wako kazini, na chini yake watu wanaandika mulembe na kutaja mafahali wanaowakumbuka. Maelezo yanataja jina la fahali. Yanataja mwenye fahali, hasa akiwa mheshimiwa. Yanataja ukurasa wa aliyerekodi, na hiyo ni haki yake. Lakini yule mzee anayepiga ngoma kubwa mbele kabisa, jasho linamtoka, ambaye mdundo wake ndio umekufanya usimame kutazama, mara nyingi hana jina. Mtunzaji aliyeshika kamba hana jina. Ngoma ambayo dunia ilituambia mwaka 2014 kwamba inakufa kwa kukosa warithi, inachezwa kila wiki mbele ya maelfu ya watu, na kijana anayetaka kujifunza hajui amtafute nani.

Ukirekodi Jumamosi ijayo, muulize anaitwa nani na anatoka kijiji gani. Kisha uandike hapo chini, kabla ya jina lako.